Dirii ya manjanja: mavazi ya askari wa Pilato yanavyotengenezwa nyumbani, na mahali hatari inapojificha

Kwaresima ikifika katikati, vijana wa parokia nyingi huanza kujipanga kwa mchezo wa mateso ya Yesu. Kanzu za mitume si shida: shuka moja, kitenge cha mama, kamba ya kiunoni, kazi imeisha. Msalaba, seremala anaumaliza kwa nusu siku. Shida inabaki kwa askari wa Pilato. Askari asiye na kitu kifuani wala kichwani anaonekana kama mtu aliyetoka kuoga na taulo, na watoto watamcheka mpaka Kalvari.

Ndipo nyundo zinaanza kulia nyuma ya nyumba. Msomaji wa Biblia anayajua majina ya vitu vinavyotafutwa, maana yako katika Waefeso sura ya 6: dirii ya kifuani, chapeo ya kichwani, ngao ya mkononi. Hapa Luberizi vyote vitatu vinaweza kutengenezwa nyumbani, bila mashine na bila umeme. Manjanja ya zamani yapo, makopo ya mafuta yapo, na mafundi wanaotengeneza mbabula na vibatari wanaujua ufundi wote unaohitajika. Lakini Luberizi ni pia mahali penye kambi ya jeshi, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Bukavu, katika bonde ambalo vita vilianza kulipitia Oktoba 1996 na ambalo ardhi yake bado ina mabaki ya vita hivyo. Kwa hiyo kupiga bati ndiyo sehemu rahisi. Kinachotaka akili ni kujua chuma kimetoka wapi, na mtu aliyekivaa ataonwa na nani njiani.

Kwanza, askari wa Pilato walivaa nini? Picha ambayo watu wengi wanayo imetoka kwenye sinema: vipande vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine kuzunguka kifua na tumbo, na vingine mabegani. Dirii hiyo ilikuwepo kweli. Waroma waliitumia kuanzia karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yesu mpaka karne ya 3, na vipande vyake vilishikanishwa kwa mikanda ya ngozi upande wa ndani. Pilato alitawala Yudea kutoka mwaka 26 mpaka 36, na wanahistoria wengi wanaona kwamba maaskari wake walikuwa wasaidizi walioandikishwa katika nchi zile zile za jirani. Hao walizoea zaidi kuvaa shati la pete ndogo za chuma zilizounganishwa kwa maelfu. Shati la namna hiyo halimalizwi katika Kwaresima moja. Dirii ya vipande inatengenezwa kwa siku mbili tatu na watu wanaitambua mara moja, kwa hiyo ndiyo inayoshinda.

Wazee wa eneo hili la Maziwa Makuu hawakuvaa chuma. Wahunzi walikuwepo, na kazi yao ilikuwa nzuri: majembe, mikuki, visu, mashoka. Ila chuma kilikuwa mali, na mali haikutumiwa kufunika mwili mzima wa mtu mmoja katika joto hili. Kinga ilikuwa ngao ya mti, ya ngozi au ya kusukwa, nyepesi ya kukimbia nayo. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno ingabo ni ngao na tena ni jeshi, na kila anayesema Kiswahili anasikia undugu wa maneno hayo.

Sasa chuma chenyewe. Kinachoamua kwanza ni uzito, juu mchezo wa Ijumaa Kuu unachukua masaa na unafanyika juani. Kipande cha chuma cha mita moja mraba chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8. Dirii ya mtu mzima, mbele na nyuma pamoja na mabega, inakula karibu nusu ya mita mraba. Ukiikata kwenye pipa kubwa la lita 200, ambalo unene wake ni karibu milimita 1, kijana atabeba kilo 4 kifuani. Ukiikata kwenye manjanja mepesi au kopo kubwa la mafuta, lenye unene wa karibu milimita 0.3, ni kilo moja na kidogo. Tena bati jepesi linakubali mkasi, wakati pipa linadai tindo na nyundo na jasho. Makopo ya lita 4 ya mafuta ya msaada, yale yanayojulikana katika kila sehemu iliyopokea wakimbizi, ni mazuri kuliko vyote: yakifunguliwa na kunyooshwa yanatoa vipande vya urefu wa kutosha, na upande wa ndani unang'aa.

Pipa lina ubaya mwingine mkubwa kuliko uzito. Pipa lililobeba esansi au mazutu linaweza kuonekana tupu kabisa, likageuzwa juu chini bila kutoa hata tone, na bado likawa limejaa hewa ya mafuta. Hewa hiyo ndiyo inayowaka. Cheche moja ya tindo, ya mashine ya kukata au ya kuchomelea inatosha kulipasua pipa usoni pa fundi. Katika bonde hili mtu haitaji kuelezwa mara mbili namna mafuta yanavyowaka. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakatiririka kati ya nyumba, watu wakakaribia, wengine walikuwa wamejaa kwenye nyumba ya video kutazama Kombe la Dunia, na moto ulipoanza uliua watu zaidi ya 200. Pipa la mafuta ya gari liachwe kwa fundi mwenye mazoea, ambaye hulijaza maji mpaka juu kabla ya kuligusa. Kwa dirii ya mchezo hakuna sababu hata moja ya kulitafuta.

Halafu kuna chuma chakavu, feraye kama wengi wanavyoiita. Watoto huiokota na kuiuza kwa kilo, na vijana wanaotafuta kitu cha kung'aa kwa chapeo huenda kuchokora mahali hapohapo: kwenye mashimo ya zamani, kando ya vilima, mahali maaskari walipolala miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo panapopatikana vitu vya umbo zuri ajabu, vya duara, vyenye mabawa madogo nyuma, vyenye rangi ya shaba. Kombora la motari ambalo halikulipuka haliharibiki kwa kuoza. Kutu inakula ganda la nje, baruti ndani inabaki, na kifaa cha kulipua kinazidi kuwa kibovu, ni kusema kinaweza kulipuka kwa kuguswa kidogo kuliko siku lilipotoka kiwandani. Guruneti ni hivyo hivyo. Mtu anayekiona kitu cha namna hiyo asikiguse, asikirushie jiwe, asikichimbue ili aone vizuri. Asimame, arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama ya matawi au mawe pale alipo yeye, mbali na kitu chenyewe, na amwambie chifu wa kijiji, polisi au jeshi. Kwa upande wa Serikali kuna kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, ambacho huratibu kazi za kuyaondoa. Zamani wengi walizoea kukimbilia MONUSCO, lakini hiyo iliondoka Kivu ya Kusini katikati ya mwaka 2024, kwa hiyo habari ipite kwa viongozi wa hapa hapa, na mapema.

Maganda ya risasi ndiyo yanayodanganya zaidi, juu yanaonekana kama kitu kidogo. Yanang'aa, yanalingana, yakipangwa kwenye mkanda yanapendeza kweli. Na kuna mfano mkubwa wa kuwatia watu hamu: msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliyekwenda kujifunza moto na chuma kwa wahunzi baada ya kumaliza chuo cha sanaa, amejulikana duniani kwa sanamu za watu zilizounganishwa kwa maganda ya risasi aliyoyaokota katika sehemu za vita. Kazi yake inaheshimika, na maana yake inaeleweka pale inapoonyeshwa. Lakini kijana wa miaka 17 anayekutwa na mfuko wa maganda kwenye kizuizi cha barabarani hana maonyesho ya kuelekeza kidole. Ataulizwa bunduki iko wapi. Tena katika rundo la maganda matupu inatosha risasi moja nzima, imejaa matope, isionekane tofauti. Nyundo ikishuka juu yake, mkono haurudi. Kwa hiyo maganda hapana, hata moja.

Kuna kinachoyashinda, na kinaokotwa bila hofu kwenye kila ngazi ya nganda: vifuniko vya Primus. Kifuniko kikipigwa taratibu juu ya jiwe bapa kinakuwa duara la karibu sentimita 3 na nusu. Kikitobolewa matundu mawili juu kinashonwa kwenye gunia, safu ya chini kwanza, kila safu ikifunika matundu ya iliyotangulia, kama magamba ya samaki. Waroma nao walikuwa na dirii ya magamba, kwa hiyo mtu wa historia hatalalamika. Kifua cha sentimita 40 kwa 50 kinataka vifuniko kama 320, ambavyo vyote pamoja havifiki kilo moja. Kazi ni ya watoto na inamaliza Jumamosi mbili. Askari akitembea, dirii inalia kwa sauti ambayo hakuna bati litakaloitoa.

Kwa dirii ya vipande, fundi mwenye busara haanzi na bati. Anaanza na kartoni. Anakata vipande saba vya upana wa sentimita 6, anavifunga kwa kamba kwenye mwili wa atakayevaa, anamwambia apige magoti, ainue mjeledi, ainame. Kipande kinachochoma kwapa kinapunguzwa sasa, wakati kosa bado ni la karatasi. Kartoni ikikubali ndipo inalazwa juu ya bati na kuchorwa kwa msumari. Kila upande huongezwa sentimita moja, na sentimita hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Hukunjwa kwa ndani, nusu sentimita, halafu nusu sentimita tena, na kugongwa mpaka ilale. Ukingo uliokunjwa mara mbili haukati ngozi, na unalipa bati jepesi nguvu ya kutojikunja. Ni mkunjo uleule ulioko kwenye mdomo wa faneli ya mafuta na wa ndoo ya bati. Anayetaka kujifunza akaangalie hapo.

Bati hukata bila kuuma. Mtu anaona damu kabla hajasikia maumivu, hasa kwenye makopo. Gunia lililokunjwa linatosha kuwa glavu. Aliyekatwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, na kama hakumbuki chanjo ya pepopunda aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asingoje mchezo uishe.

Matundu hutobolewa kwa msumari juu ya gogo, kutoka upande wa nje, halafu ncha zinazotokea ndani hulazwa kwa nyundo. Vipande hushikanishwa kwa mikanda ya mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, mikanda mitatu nyuma na miwili kila ubavu, ili vipande vipandane vizuri mtu anapoinama. Mpira ni bora kuliko waya kwa sababu unavutika. Waya unashika vizuri asubuhi, na kufika mchana umekula bati na matundu yamekuwa milango. Ndani hushonwa nguo nzito ya zamani. Bila nguo hiyo, jua la saa saba litafanya dirii iwe sufuria na askari awe mboga.

Chapeo wengi huihangaikia bure. Chini ya sufuria kuukuu ya saizi ya kichwa, vipande viwili vya bati vya kufunika mashavu na kimoja nyuma ya shingo, vyote vikining'inia kwa mpira, vinatosha. Shungi la juu linaweza kuwa la katani, la nyuzi za gunia, au la kichwa cha ufagio.

Moto nao una neno lake. Dirii ya bati haihitaji moto kabisa, lakini vijana hupenda kuipitisha kwenye makala ya mbabula ili iwe nyeusi kama ya zamani. Kopo lililooshwa vizuri halina shida kubwa, mradi kazi ifanyike nje. Manjanja ni jambo jingine. Yamepakwa zinki ili yasipate kutu, na zinki inayeyuka kwenye digri 420. Ikipata moto mkali zaidi, kama ule wa kuchomelea au wa makala yanayopulizwa, inatoa moshi mweupe. Anayeuvuta hasikii kitu papo hapo. Masaa machache baadaye, usiku mara nyingi, anashikwa na baridi, homa, kichwa, uchungu wa misuli, ladha ya chuma mdomoni. Kila mtu nyumbani atasema ni malaria, na katika bonde hili nani atawalaumu? Homa hiyo kwa kawaida hupita yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini muuguzi lazima aambiwe kwamba mgonjwa alikuwa anachoma manjanja, na kipimo cha malaria kifanywe bila kukisia. Kifua kikibana, hakuna kungoja. La kuzuia yote haya ni fupi: manjanja hayaingii motoni.

Weusi unaotafutwa upo kwenye kibati cha siraji ya viatu. Na hapa mapambo yanaanza, sehemu ambayo haina haraka.

Bati hupambwa kutoka nyuma. Kipande hulazwa juu ya mfuko mdogo wa mchanga, au gunia lililokunjwa mara nne, uso ukiangalia chini. Mchoro unawekwa kwa makala. Halafu fundi anachukua msumari mkubwa uliosagwa ncha kwenye jiwe mpaka ikawa butu na laini, anagonga kidogo kidogo kufuata mstari. Msumari wenye ncha unatoboa. Msumari butu unasukuma. Upande wa pili mstari unajitokeza umevimba, na bati linakuwa gumu kila linapogongwa, kwa hiyo dirii yenye mapambo mengi inasimama imara kuliko iliyo tupu. Anayegonga kwa nguvu ili amalize haraka atapata bati lililojikunja kama jani la kabichi. Mwisho siraji nyeusi inapakwa juu ya uso wote, inaachwa dakika chache, inapanguswa kwa kitambaa. Inabaki kwenye mabonde, inatoka kwenye vilima, na mchoro unaonekana kutoka mwisho wa uwanja.

Mchoro upi? Wengi wanakimbilia tai wa Roma, ambaye ni mgumu, na mara nyingi anaishia kuwa kuku. Mistari ya mikeka na vikapu vya nyumbani, pembe tatu zinazofuatana, vidole vya samaki, mawimbi, hiyo inagongwa vizuri na mkono wowote na inajaza kipande chote bila kosa kuonekana. Hakuna sheria inayosema Mroma wa Luberizi asivae mkeka wa Luberizi. Kule Kinshasa, Eddy Ekete na wenzake wamekwenda mbali zaidi: tangu 2015, kwenye tamasha la KinAct, watu hutembea barabarani wamevaa makopo, waya na takataka nyingine kutoka kichwani mpaka miguuni, na vazi la makopo la Ekete mwenyewe linajulikana kuliko sura yake.

Rangi nyekundu ya nguo ya chini haina ubaya. Kijani cha madoadoa ndicho kibaya. Kila mwaka kuna anayefikiri kwamba askari wa mchezo ataonekana askari zaidi akivaa suruali ya kijeshi, buti, au akishika bunduki ya mti. Sheria inakataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi, na maaskari walioko barabarani hawana muda wa kusoma hati ya mchezo. Wala watu waliokimbia kijiji zaidi ya mara moja hawapendi kuona kundi la wanaume waliovaa chuma wakitokea gizani wanakimbia, hata kama ni mazoezi tu. Kuna mama ambaye ataamsha watoto na kuanza kufunga mizigo.

Kwa hiyo vikundi vinavyojua kazi hufanya hivi: mazoezi ni mchana, ndani ya uwanja wa kanisa. Dirii husafiri ndani ya gunia, haivaliwi njiani, wala haipandi taxi-moto ikiwa mgongoni mwa mtu. Mikuki ni ya mti mtupu na ncha ya kartoni iliyopakwa majivu. Paroko au kiongozi wa vijana anapeleka barua kwa chifu na kwa polisi wiki kabla, akitaja siku, saa na njia itakayopitiwa, na nakala moja inatembea na kikundi mfukoni. Msafara ukipita karibu na kambi, huko nako kunaarifiwa.

Na kwa yule atakayeuliza kwa utani, au bila utani, kama dirii hii inaweza kumsaidia siku mambo yakiharibika: hapana. Risasi ya Kalashnikov inatoka mdomoni mwa bunduki kwa kasi ya karibu mita 700 kwa sekunde. Bati la milimita 0.3 haitalihisi hata kidogo, na bati la pipa vilevile. Litakalofanya ni kuingiza vipande vyake ndani ya kidonda. Anayesikia milio alale chini, na dirii aitupe kwanza, maana inang'aa.

Baada ya Pasaka, zile zilizotengenezwa vizuri hupakwa mafuta ya mawese kidogo, zikafungwa kwenye nailoni na kuwekwa juu ya dari ya sakristia, mbali na mvua. Mikanda ya mpira hubadilishwa kila mwaka. Zile zilizotoboka hurudi kwa fundi wa makopo, ambaye hulipa kidogo au halipi kabisa, na kufika Mei kifua cha askari wa Pilato kimekuwa faneli mbili na kifuniko cha mbabula.